Albamu Isikilizwe Nzima: Mhadhara kwa Wapenzi wa Muziki, Malindi

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu, vijana, ahsanteni kwa kuja na jua hili. Wanaonijua wanajua nitakalosema, maana nimelisema barazani, nimelisema harusini, nimelisema hata ndani ya matatu ya Mombasa: albamu isikilizwe nzima. Kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio waliouweka wenyewe walioitunga. Leo nimepewa kipaza sauti, kwa hivyo mtalisikia kwa kirefu.

Sitaeleza kwa kirefu roki ya progresivu ni nini; ni roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi. Aliyekuja hapa anazijua bendi za King Crimson na Yes, na asiyewajua atawajua tukiweka santuri. Nianze na swali ambalo sichoki kuulizwa ingawa nimechoka kulijibu: "Muziki wa Wazungu wa miaka ya sabini unatuhusu nini sisi watu wa Malindi?"

Jibu liko Ngomeni. Shikeni barabara ya Lamu, mpite Mambrui, mpite Gongoni, mkate kulia kuelekea baharini. Mtayaona majukwaa ya chuma ya Wataliano yamesimama majini kwa miguu yake. Nyinyi vijana mnayapita mkienda kuvua au kutembea, na hakuna anayewaambia kilichotoka pale. Mimi nawaambia.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya nzima ilikuwa ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa hilo, liitwalo San Marco, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani. Mama mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, Marjorie Townsend, ndiye aliyesimamia mradi ule, na kwa heshima ya siku na ya nchi akaipa setilaiti jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupima eksirei, miale isiyoonekana kwa macho, zinazotoka mbali huko angani, eksirei ambazo hewa yetu huzizuia zisifike ardhini. Hakuna setilaiti iliyokuwa imetengenezwa kwa kazi hiyo peke yake kabla ya hii. Ya kwanza duniani, na iliondokea hapa kwetu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu husinzia, na hapa ndipo pana utamu. Katika kundi la nyota liitwalo Cygnus kulikuwa na kitu kilichokwisha gunduliwa mwaka 1964, wakakiita Cygnus X-1. Hakuna aliyejua ni nini. Uhuru ilipokitazama, ikaona eksirei zake zinapepesa, zinapanda na kushuka kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kitu kinachopepesa upesi namna hiyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wataalamu wakatafuta, wakaona karibu yake pana nyota kubwa inayozungushwa na mwenzake asiyeonekana, tena mwenye uzito wa ajabu. Kidogo, kizito, hakionekani. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wakaanza kusema waziwazi kwamba hili huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauponi. Mwanafizikia Stephen Hawking mwenyewe aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba silo, na mwaka 1990 akakubali ameshindwa. Na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Muziki uko wapi? Uko hapa. Mwaka 1977 bendi ya Rush kutoka Kanada ilitoa albamu A Farewell to Kings. Wimbo wa mwisho wa albamu ile, dakika 10 na ushee, unaitwa Cygnus X-1. Ni kitu kile kile! Kwanza sauti ya mtu inasimulia habari za shimo jeusi angani, kisha gita la besi la Geddy Lee linajitokeza kutoka mbali, linakaribia, hesabu yake haitabiriki, Neil Peart anaifuata kwa ngoma, na Alex Lifeson anaingia kwa gita kama mlango wa chuma. Msafiri anapanda chombo chake, anaelekea kwenye shimo, linamvuta, anatumbukia akipiga mayowe. Albamu imekwisha.

Najua yupo atakayesema: Mzee, Rush hawakuwa wakiifikiria Malindi. Sisemi waliifikiria. Nasema mvulana aliyekaa Toronto akaota shimo jeusi la Cygnus, aliliota kwa sababu dunia ilikuwa imelisikia, na dunia ililisikia kwa sababu ya chombo kilichopaa juu ya vichwa vya wavuvi wa Ngomeni. Basi asiniambie mtu kwamba muziki huu si wetu kuusikiliza. Mlango wake mmoja uko hapa, na tunao haki ya kuingia bila kubisha.

Lakini sikuleta habari hii kwa ajili ya fahari peke yake. Tazameni walichofanya Rush. Msafiri ametumbukia, na hadithi wakaiacha ikining'inia. Ilibidi msikilizaji angoje hadi mwaka uliofuata, 1978, ilipotoka albamu Hemispheres. Upande wa kwanza wote, dakika 18, ni kitabu cha pili cha Cygnus X-1. Kule ndani Apollo na Dionysus, miungu ya Wagiriki wa kale, wanagombea watu, mmoja anawataka kwa akili, mwingine kwa moyo, na watu wanagawanyika wanapigana. Ndipo msafiri yule aliyepotelea shimoni anatokea, anawakuta katika vita hivyo, na wao wanamfanya mungu wa mizani. Niambieni, mtu atalielewaje hili kwa simu inayochanganya nyimbo? Juzi kijana wangu mmoja, tena anaupenda muziki huu kwa dhati, ameniambia anawapenda Rush. Nikamuuliza kuhusu Hemispheres. Akanijibu simu yake ilimletea dakika tatu za katikati kwenye video ya mtu anayeendesha pikipiki. Dakika tatu za katikati! Hakuna mtu wa pwani anayechukua beti tatu za katikati ya utenzi akasema ameusoma utenzi. Tunajua dua ya mwanzo ina kazi yake, na tamati ina kazi yake, na jina la mtunzi linakaa mwishoni kwa sababu. Watu waliolelewa na tenzi ndio wa mwisho wanaopaswa kuuogopa wimbo mrefu.

Nami najua uchungu wa wimbo uliokatwa, maana nimeishi nao. Enzi zetu santuri zilikuwa za wenye pesa. Sisi tulikuwa watu wa kaseti, na kaseti ilirekodiwa dukani: unampelekea fundi kaseti tupu, anakujazia. Fundi mmoja, sitamtaja, alinijazia Foxtrot ya Genesis, bendi ya Waingereza, albamu ya mwaka 1972, kwenye upande mmoja wa kaseti ya dakika 60. Kila upande nusu saa. Akaweka Watcher of the Skies, akaweka Time Table, hapo dakika 12 zimekwenda. Kisha, kwa kuwa nilimwambia nautaka wimbo mrefu, akaruka zote zilizobaki akaweka Supper's Ready. Wimbo ule una sehemu saba na unakaribia dakika 23. Zilizobaki kwenye utepe ni 18. Pigeni hesabu.

Sehemu ya sita ndipo Tony Banks anapopiga kinanda chake juu ya mdundo wa mapigo tisa. Besi, gita na ngoma zinashikilia tisa, tisa, tisa, bila kuachia, na kinanda juu yake kinakwenda njia yake, kinapanda ngazi, kinarudi, kinapanda tena. Kila msikilizaji anajua kuna jambo linakuja. Na pale pale, kinanda kikiwa ngazini, kaseti yangu ilisema "tak", ikasimama. Nilikaa na wimbo ule miaka na miaka. Niliiviringisha kaseti kwa penseli, nikaifuta ukungu wa unyevu wa bahari kwa pamba, maandishi ya kalamu kwenye lebo yakafutika, na kila mara niliachwa ngazini.

Hadi nilipoisikia santuri yenyewe nyumbani kwa mzee wa Kitaliano aliyehamia mji huu. Kinanda kikapita pale nilipozoea kukatwa. Kikafika juu kabisa, na sauti ya Peter Gabriel ikaingia kama mtu anayepiga kelele kutoka paa la nyumba. Kisha maneno ya mapenzi ya mwanzo kabisa wa wimbo yakarudi, na baada yake ule mdundo wa sehemu ya pili, uliopita mapema ukawa kama jambo dogo tu, ukarudi mkubwa, wa taratibu, na kengele zikilia. Hapo ndipo nilipojua kwa nini sehemu ya pili iliwekwa pale. Iliwekwa ili irudi. Kumnyima mtu mwisho ni kumnyima na mwanzo pia, na sitaacha kulisema hili hadi nife.

Wengine mtasema muda hakuna. Muda! Mpira wa Ulaya una dakika 90 na hakuna anayeomba ukatwe. Taarabu ya harusi inaanza baada ya isha na watu wanatuza hadi alfajiri. Muda upo. Kinachokosekana ni kuketi bila ya kushika simu.

Na wale wajuzi watanikamata na bendi nyingine ya Waingereza, Pink Floyd. Watasema: Mzee, mbona Echoes, wimbo wa dakika 23 unaojaza upande wa pili wa Meddle, wenyewe waliukata vipande viwili kwenye filamu ya Pompeii? Ni kweli. Oktoba 1971 walipiga kwenye uwanja wa kale wa Pompeii, Italia, bila watazamaji, na filamu inafungua kwa nusu ya kwanza ya Echoes na kufunga kwa nusu ya pili. Lakini hamkuona walilofanya? Hakuna hata kipande kilichotupwa ili kumfurahisha mvivu. Waliufungua wimbo wakaweka filamu nzima ndani yake. Atakayekata namna hiyo, nitamshika mkono.

Naona saa inanikimbiza, na bado nina Wataliano. Nitakwenda mbio. Sisi wa Malindi tunaongea Kitaliano sokoni na ufukweni kila siku, halafu albamu zao hatuzijui, na hilo linanikera. Premiata Forneria Marconi: sikilizeni Storia di un minuto ya mwaka 1972, na hasa Impressioni di settembre, ambayo kiitikio chake hakiimbwi, kinapigwa na sintesaiza ya Moog, kinanda cha umeme. Banco del Mutuo Soccorso: albamu yao ya kwanza, mwaka huo huo, jalada lake limekatwa kwa umbo la kibubu cha udongo, lina kitundu cha kutumbukizia pesa na ukanda wa karatasi wenye sura za wanabendi. Nimekishika kibubu kile mkononi, kona zake zimeliwa na wadudu, lakini kitundu kipo. Mwaka ule ule wakatoa Darwin!, na kile kinanda cha ndugu wawili Nocenzi na sauti ya marehemu Francesco Di Giacomo... nitairudia siku nyingine. Le Orme, Felona e Sorona, 1973, hadithi ya sayari mbili.

Na Van der Graaf Generator. Hawa ni Waingereza, lakini kwao santuri zao hazikununuliwa sana. Pawn Hearts ya mwaka 1971 ilishika nafasi ya kwanza Italia. Upande wake wa pili wote ni mlinzi wa mnara wa taa, peke yake, anayeona watu wakifa baharini na hawezi kuwafikia. Mji wa wavuvi kama huu haujui wimbo ule! Mtu yeyote hapa aliyewahi kumngoja baba ufukweni usiku wa kusi ataelewa wimbo ule kuliko profesa.

Mwisho, kumbukumbu za maonyesho. Nimewaomba waliobahatika kuyaona, mabaharia wetu waliofanya kazi Ulaya na wageni wetu waliohamia hapa, waje wasimulie. Ninawaomba msimulie kwa mpangilio: mliketi wapi, bendi ilianza na wimbo gani, ikafuata upi. Mzee yule wa santuri aliniapia kwamba Aprili 1972, Genesis walipokuja Italia, alimwona Gabriel amevaa gauni jekundu na kichwa cha mbweha. Lakini Gabriel alivaa kichwa kile kwa mara ya kwanza Dublin, Septemba 1972. Mzee hakudanganya. Genesis walirudi Italia baadaye, na usiku wake wawili umeungana ukawa mmoja. Nilipomuuliza nyimbo zilivyofuatana, taratibu akautenganisha mwenyewe, na usiku wa Aprili ukatoka mzuri zaidi, usio na mbweha: watu wameketi kimya, bendi ambayo kwao Uingereza hata haijulikani sana, na yeye kijana asiye na nauli ya kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo kumbukumbu ninayoitaka, si ya kwenye picha ambazo sote tumeziona.

Aliyeona Pink Floyd wakipiga juu ya jukwaa linaloelea Venice, 15 Julai 1989, nataka asimulie na takataka zilizobaki asubuhi yake, maana baraza la mji lilijiuzulu kwa sababu ya usiku ule, na sisi tunaoishi kwa watalii tuna la kujifunza hapo. Nilikuwa na mengi kuhusu King Crimson. Hayatoshei.

Sasa tutaweka Foxtrot, upande wa pili. Utaanza na gita la Steve Hackett peke yake, dakika moja na nusu hivi, kisha Supper's Ready. Simu zizimwe, si kufanywa kimya, zizimwe. Anayetaka maji anywe sasa. Mwenye kutoka atoke sasa, mlango tutaufunga hadi sindano ifike mwisho, halafu mzee wangu pale nyuma mwenye kofia ya bito ndiye atakayeanza kusimulia.