Kuhamisha Tovuti ya Nyaraka Pamoja na Majina na Anwani Zake

Ndugu wahadhiri, ndugu wanafunzi, nanyi mliopanda kutoka Kyela na Tukuyu kuja hapa Mbeya, nimeombwa nizungumzie namna ya kuhamishia kwenye seva mpya, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuwapa wasomaji, tovuti ya nyaraka iliyoandikwa na watu wengi kwa kujitolea. Wengi hudhani kwamba kazi hii ni kunakili mafaili. Kunakili ndiyo sehemu nyepesi; hasara huja pale yanapopotea majina ya walioandika na anwani za kurasa zao.

Nianze na majina. Tovuti inayoendeshwa kwa MediaWiki, programu ile ile inayotumiwa na Wikipedia, huhifadhi kila badiliko la ukurasa katika hifadhidata, pamoja na jina la aliyelifanya na saa alipolifanya. Anayenakili maandishi yanayoonekana tu na kuyabandika kwenye seva mpya huokoa maneno na kuwafuta waandishi. Ikiwa nyaraka zenu zimetolewa kwa leseni ya Creative Commons inayodai mwandishi atajwe, kufanya hivyo ni kuvunja leseni, mbali ya kuwakosea adabu wenzenu. Kwa hiyo hamisheni hifadhidata nzima, pamoja na folda ya picha, ambayo haimo ndani yake na ndiyo husahaulika. Kabla ya kutoa nakala, fungeni uhariri ili tovuti isomeke tu. La sivyo, atakayeandika usiku huo ataandika kwenye seva inayoachwa.

Nakala hiyo isipitie kwenye kompyuta yako. Mtu aliye Makete anayepakua gigabaiti kadhaa kwa kifurushi cha simu, kisha akazipandisha tena, hulipia data mara mbili, na laini ya Makete wenyewe mnaijua. Seva ya zamani itume moja kwa moja kwa mpya kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, ambayo hata ikikatishwa njiani hairudii mafaili yaliyokwisha kufika.

Sasa anwani. Mitambo ya watoa huduma za intaneti hukumbuka mahali seva ilipo kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi ya DNS ya kikoa, yaani maandishi yanayooanisha jina la tovuti na seva yake. Muda huo ukiwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, baadhi ya wasomaji wataendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani hata baada ya ninyi kubadilisha rekodi. Upunguzeni hadi sekunde 300, na mfanye hivyo angalau siku moja kabla ya kuhama, kwa kuwa muda wa zamani nao hauna budi kwisha kwanza.

Mkibadilisha pia muundo wa anwani za kurasa, kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa jibu la 301, linalovijulisha vivinjari kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Binafsi napendelea zisiguswe kabisa, kwani maelekezo hayo yatahitaji kutunzwa miaka mingi, na mwalimu wa Njombe aliyekwisha kuchapa anwani kwenye karatasi za wanafunzi hana namna ya kuirekebisha.

Seva ya zamani msiizime siku hiyo hiyo. Iacheni, uhariri ukiwa umefungwa, hadi kumbukumbu zake za wanaoitembelea zioneshe kwamba hakuna msomaji anayefika tena. Kisha ifuteni hifadhidata yake, kwa sababu ina barua pepe za wachangiaji na manenosiri yao, ingawa yamefumbwa.