Uzi Uliokazwa Haushoni

Shikamooni wazee, wengine, habari za jioni. Mnaona hii? Bobini ya cherehani. Nimeiazima leo asubuhi kwa fundi mmoja wa barazani, pale karibu na soko la Kilombero, na kaniambia nisipoirudisha suruali yangu haitoki. Ishikeni, muipitishe.

Kila seli yenye kiini mwilini mwako ina DNA, uzi ulioandikwa maelekezo ya urithi, wa urefu wa kama mita 2, na kiini chenyewe upana wake ni mikromita chache tu. Inaeneaje humo? Imeviringwa. Mwaka 1974 Roger Kornberg alieleza kwamba bobini zake ni protini nane kwa pamoja, ziitwazo histoni. Uzi unazizunguka pungufu kidogo ya mara 2, herufi za DNA kama 147, halafu unaendelea kwenye bobini ya pili. Mpangilio huo wote ndio kromatini.

Aliye na bobini aukaze uzi, kisha ajaribu kupenyeza ukucha. Haupiti, eti? Jeni, yaani kipande cha uzi chenye elekezo moja, hunyamazishwa namna hiyo. Herufi zake zipo zote, hakuna iliyofutwa. Mashine ya kuzisoma ndiyo haipati pa kuingilia.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki: seli inapojigawa, DNA yote inanakiliwa, na bobini zinafumuliwa njiani. Nani anazirudisha? Mwaka 1989 maabara ya Bruce Stillman, Cold Spring Harbor, Marekani, ilipata kwenye seli za binadamu protini ya kazi hiyo, CAF-1. Inakwenda nyuma ya mashine inayonakili, ikipachika histoni za aina mbili, H3 na H4, kwenye uzi ambao ndiyo kwanza umetoka. Hamira ikinyang'anywa CAF-1 haifi. Ila jeni zilizo karibu na ncha za kromosomu, yaani vipande virefu ambavyo DNA imegawanyika, zilizopaswa kukaa kimya, zinaanza kuropoka.

Mzee mmoja kaniuliza pale nje: mfugaji inamhusu nini? Inamhusu sana, mzee wangu. Mnaopita Tarangire mnavijua vile vitambaa vya buluu na vyeusi vya kunasia ndorobo. Ndorobo hubeba kijidudu kiitwacho Trypanosoma brucei. (Nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe wetu, huletwa zaidi na ndugu zake, congolense na vivax, lakini huyu ndiye aliyechunguzwa sana maabara.) Kimevaa koti la protini ya aina moja, vipande kama milioni 10. Sandukuni kina jeni za makoti zaidi ya 2000, nyingi zikiwa mbovu mbovu, na zinasomewa mahali kama 15 kwenye ncha za kromosomu. Mahali pamoja tu ndipo panaposema, kwingine kimya. Kinga ya mnyama ikishalizoea koti hilo, vijidudu vichache vimeshavaa jingine.

Mwaka 2019 ikaonekana kwamba CAF-1, ile ile ya bobini, hushirikiana na protini nyingine, ziitwazo VEX, kuulinda ukimya huo kila kijidudu kinapojigawa. Ukiiondoa mojawapo, VEX2, kijidudu kimoja huvaa makoti kadhaa kwa mpigo.

Dawa? Haijatoka humo bado, nisiwadanganye. Lakini sasa tunajua anayefunga sanduku. Haya, maswali. Mzee, anza wewe. Na bobini yangu imefika kwa nani?