Uingereza matibabu bure, sasa mkopo wa hospitali wa nini?

Jamani, habari za huko? Ngoja niweke simu vizuri, maana kuinama bado ni kazi. Haya. Leo nawajibu mlioniandikia baada ya video iliyopita: "Uko Uingereza, hospitali bure, unahangaika na mkopo wa nini?"

Tuanze na hiyo bure. Mimi niliilipia kabla sijapanda ndege. Wengi wetu tunapoomba viza ya muda mrefu tunatozwa ada ya afya. Tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na unailipa yote kwa mkupuo. Ukishaingia ndiyo unatibiwa na NHS, huduma yao ya serikali, bila kudaiwa kitandani.

Sasa mimi nina ngiri. Nilikuwa nayo, samahani. Chekeni, nawasubiri. Ya kinena, upande wa kulia, na kazi yangu ni kubeba maboksi ghalani. Kwa NHS, kwa kawaida humfikii daktari bingwa bila kupitia daktari wa mtaa, wanamwita GP. Akaniambia haitapona kwa dawa, ni upasuaji, ila si dharura. Ikitokeza ikakataa kurudi, ikauma sana na nikaanza kutapika, hapo nipige 999, namba ya dharura, siku hiyohiyo, nisimngoje mtu. Lakini kwa sasa, foleni.

Na foleni yenyewe ni ndefu kwelikweli. Lengo la NHS hapa England ni kwamba asilimia 92 ya wagonjwa waanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu rufaa. Mara ya mwisho kulifikia ilikuwa mwanzoni mwa 2016.

Nikapiga simu hospitali binafsi. Paundi 3,400, ndani ya wiki mbili umeshafanyiwa. Nikasema hapana. Usiku nikachukua kalamu. Mkononi napata kama 430 kwa wiki. Nikikaa nyumbani mgonjwa, malipo ya lazima kisheria mwaka huo wa 2025 yalikuwa paundi 118.75 kwa wiki. Kwa hiyo kila wiki ya kungoja inanikata zaidi ya 311. Wiki 11 tu, 3,400 imekwisha, na tumbo bado lina ngiri! Ningekuwa nakaa ofisini nabonyeza kompyuta, ningengoja bila hata kufikiri mara mbili.

Wapo wanaosema ukilipa unapata daktari mzuri zaidi. Si hivyo. NHS ilipoanza mwaka 1948, mabingwa waliachiwa waendelee na wagonjwa wao wa kulipa, na mpaka leo wengi wako huku na kule. Unachonunua ni muda, na chumba chako peke yako. Tena mambo yakiharibika mezani, hospitali nyingi binafsi hazina chumba cha wagonjwa mahututi, gari linakurudisha NHS uliyoikimbia.

Bima? Mwenzangu mmoja kazini alikata ya binafsi akiwa tayari goti linamsumbua. Alipodai, wakamwambia hilo goti lilikuwepo kabla ya bima. Bima za hapa nyingi ndivyo zilivyo, ugonjwa uliokuja nao haumo. Yeye bado anachechemea.

Basi mimi, kwa hesabu ile, nilikuwa nimeshajaza nusu ya fomu ya mkopo wa hiyo 3,400. Aliyeniokoa ni dada mmoja mhudumu wa usafi wa wodini, hata si nesi. Akaniuliza, "Kaka, GP wako alikupa nafasi ya kuchagua?" Kumbe hapa England, unapopewa rufaa ya kwanza kwa bingwa, una haki ya kuchagua hospitali, hata ya binafsi, mradi ina mkataba na NHS kwa huduma hiyo. Bili inakwenda serikalini. Mlioko Scotland au Wales, hii sheria si yenu, msije mkagombana na mapokezi kwa ajili yangu.

Nikarudi kwa GP. Hakunitajia mwanzo, na nilikasirika, sitaficha. Tukafungua kompyuta pamoja, tukatazama nani ana foleni fupi, rufaa ikabadilishwa.

Nilifanyiwa wiki ya tisa. Msinipigie makofi sana, wiki tisa hizo zilinikata kama 2,800. Nilichoepuka ni deni lenye riba, na 3,400 ya watu.

Ila siku ya upasuaji nafika mapokezi, ni ileile hospitali niliyoipigia simu. Yule binti anaona jina langu kwenye mtambo, anatabasamu: "Karibu, uliamua kulipa?" Nikamsogezea barua ya NHS. Akaisoma, akanipa kalamu nisaini, akanionyesha chumba. Cha peke yangu, jamani, na dirisha.