Riale za Bibi Msizitie Ndimu

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kukusanya, kununua na kuuza sarafu za dhahabu na fedha. Nitazungumza. Lakini nitaanza na lile ninaloanza nalo kila nikipewa kipaza sauti, na walionisikia Tanga na Chake Chake wanivumilie. Sarafu ya zamani usiioshe. Usiitie ndimu, usiisugue kwa majivu wala ukwaju wala dawa ya meno. Usiichomelee kipete uivae shingoni. Na usimpe sonara aiyeyushe kabla hujamwonyesha mtu anayejua kuisoma.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelelewa dukani kwa sonara. Ami yangu alikuwa sonara hapa hapa Mji Mkongwe, na mimi nikitoka chuo cha Kurani mchana kazi yangu ilikuwa kuvukuta. Siku zile fedha ya kufulia mapambo ilitoka kwenye riale, zile sarafu kubwa za fedha. Mama mwenye binti wa kuozwa huja na fundo kwenye pembe ya kanga, akalifungua juu ya benchi, riale zikamwagika. Ami huzipima, kisha huzigonga moja moja kwenye jiwe asikilize mlio. Riale ya kweli hulia, na sauti ikabaki hewani. Ya risasi husema "dub", basi.

Siku moja alikuja mama mmoja na riale kumi na mbili, anataka mafurungu. Kumi na moja zilikuwa zile mnazozijua nyote, riale ya Shamu, bibi mnene mwenye taji upande mmoja na ndege wa vichwa viwili upande wa pili. Ya kumi na mbili haikuwa na sura ya mtu. Ilikuwa maandishi matupu, Kiarabu, huku na huku. Mimi mtoto wa chuoni, nimefurahi kuona kitu ninachoweza kukisoma, nikasoma kwa sauti: Barghash bin Said. Ami akaipokea, akaigeuza, akaitia kwenye mizani. Uzito karibu ni ule ule. Akasema, "Fedha ni fedha," akaitumbukiza kwenye kikombe cha udongo pamoja na wenzake.

Nikavukuta mimi mwenyewe. Kwanza ukingo ulipata wekundu. Kisha herufi zikalainika, jina la Sayyid likawa kama limeandikwa juu ya samli, nikaona ile be ya mwanzo inazama, kisha halikubaki jina wala mwaka. Likabaki tone moja linalotetemeka, linang'aa kuliko kitu chochote nilichopata kukiona. Nilidhani ni jambo zuri. Nilikuwa na miaka tisa.

Ami yangu alikuwa mtu mwaminifu, Mungu amrehemu. Yule mama alipata kila tola yake, ndicho kipimo cha uzito cha masonara. Lakini ile ilikuwa riale ya mwaka 1299 wa Hijra, ndiyo 1882, sarafu ya fedha ya Zanzibar yenyewe, aliyoagiza Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ipigwe Ulaya kwa jina lake. Pesa zake za shaba, zile zenye picha ya mizani, bado mtaziokota kwenye makopo ya vifungo. Riale zake za fedha ni adimu mno, na wakusanyaji wa Zanzibar, wa Oman na wa Ulaya wanazitafuta usiku na mchana.

Kila nikisimulia haya, kuna mtu huniambia: mzee, binti si aliolewa na mafurungu yake? Hasara iko wapi? Hasara iko hapa. Yule mama angeiuza ile moja kwa anayeijua, angenunua riale za Shamu za kufulia mafurungu ya binti, ya dada zake na ya wajukuu. Na sisi tungebaki na jina letu kwenye fedha. Mafurungu yenyewe yaliuzwa baadaye, yakayeyushwa tena. Leo huenda yako kwenye kijiko cha mtu.

Na kuosha ni ndugu wa kuyeyusha, ila kunakwenda polepole. Ule weusi juu ya fedha unaokuudhi, mnunuzi anaupenda. Ndio unaomwambia kwamba sarafu haijaguswa. Ukiisugua kwa mchanga unakwangua juu ya nywele za bibi, juu ya manyoya ya ndege, na mikwaruzo ile haitoki milele. Nimeletewa rupia ya Mjerumani ya 1891 imepigwa dawa ya meno mpaka kofia ya Kaiser, mfalme wao, haina tena umbo la tai aliyekaa juu yake. Kijana ananiambia, "Nimekusafishia, mzee." Nilishindwa kumjibu.

Haya. Nakuja kwenye swali ambalo najua liko vinywani mwenu. "Riale yangu imeandikwa 1780, basi ina zaidi ya miaka mia mbili, nitapata mamilioni." Hapana, mama yangu. Mwaka 1780 ndio mwaka aliokufa Maria Theresa, malkia wa Austria, ndiye yule bibi mnene wa riale ya Shamu, na toka hapo wameendelea kuipiga sarafu hiyo kwa mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Yemen, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa hawaitaki nyingine. Imepigwa Vienna, imepigwa Roma baada ya Mussolini kupewa vyombo vya kuipigia mwaka 1935, imepigwa London, Paris, Brussels, na wakati wa vita Bombay. Vienna wanaipiga hata leo. Kwa hiyo tarehe haikwambii kitu. Huzitenganisha kwa mambo madogo: manyoya ya mkia wa ndege, umbo la lulu za bruchi, ile pini ya pambo, begani, maandishi ya ukingoni. Nyingi zina thamani ya fedha yake na zaidi kidogo. Chache zina thamani kubwa. Huwezi kujua ni ipi ukiwa umeshaisugua!

Thamani ya fedha yake mtu yeyote aihesabu mwenyewe asidanganywe. Mezani hapa nina mizani ya sonara. Riale: gramu 28.07. Fedha safi ndani yake ni sehemu tano kati ya sita, yaani gramu 23.4 hivi. Wakia ya bei za dunia ni gramu 31.1. Basi riale moja ni robo tatu ya wakia. Uliza bei ya wakia leo, chukua robo tatu yake, utajua sonara anakutania au hakutanii.

Sasa tazameni. Naweka gilasi ya maji juu ya mizani, narudisha kwenye sifuri. Naifunga riale kwa uzi, naizamisha isiguse chini wala pembeni. Mizani inasema gramu 2.75, ndio uzito wa maji iliyoyasukuma. Hiyo ni fedha. Ingekuwa shaba ya manjano yenye uzito ule ule ingesoma 3.3 hivi. Uzi na gilasi ya maji, basi, na sarafu haikukwaruzwa. Watu wanakata ukingo kwa tupa kuangalia ndani! Kwa nini?

Rupia nitazipitia haraka. Ya Bara Hindi na ya Mjerumani zote zina gramu 11.66, tola moja kamili, ndiyo maana masonara walizipenda. Za Mjerumani za kawaida ni nyingi. Ya rupia mbili, ya 1893 na 1894, hiyo ukiiona kaa chini kwanza. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 mnaniletea kila wiki: ni robo tu fedha, na ziko tele.

Dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani wamezingirwa, hakuna meli, wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli Tabora. Ya dhahabu ni rupia 15, ina tembo aliyenyanyua mkonga na mlima nyuma yake, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu. Za bandia ni nyingi. Anayekuletea saa moja usiku, kwa haraka, na hadithi ya sanduku la Mjerumani lililochimbwa porini, mwambie asubuhi tutakwenda wote kwa sonara kupima. Hatarudi.

Pauni za dhahabu, gramu 7.99, karati 22. Mama zangu, zenye kipete huuzwa kwa uzito tu, zisizochomelewa ziacheni hivyo hivyo.

Naona ndugu mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema mengi juu ya sheria. Kwa ufupi: ukichimba shamba ukakuta sarafu, usizitoe. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo kama ukucha, jina la mtawala upande huu na sifa ya Mola upande ule, na maneno yanakubaliana vina kama shairi. Tunajua ni za nani na za lini kwa sababu waliofukua waliandika kila kitu kilivyokaa. Bara iko Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na huku tuna yetu. Kuvitoa nje bila kibali ni kosa.

Ya kuuza nje kwa njia ya simu, na ya kuhifadhi, hayo tutayafanya siku nyingine, adhana imekaribia. Moja tu la kuhifadhi: bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki laini, na shika ukingoni.

Walioleta sarafu zao waje hapa mezani mmoja mmoja. Na wewe kijana wa kofia ya kijani, mwanangu, tafadhali, nimekuona. Acha kuifutia shati.