Mnaoniuliza kwa nini sitafuti kazi ya mezani Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Leo mnivumilie, nitaongea nikiwa nimeegemea mto hivi hivi, mgongo umeamka vibaya.

Swali ni lile lile kila video. "Dada, wewe ni mwalimu, umesoma. Kama umeshindwa kunyanyua wagonjwa, si utafute kazi ya kukaa mezani? Kwa nini unakula pesa ya serikali?" Wengine mnauliza kwa upole. Wengine sivyo, na mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeandika kwenye kundi la familia kwamba dada amechoka kufanya kazi. Siku ile nililia. Kwa hiyo najibu. Sijisifu kwamba nimepata, wala siisemi vibaya nchi iliyonipokea.

Hiyo pesa kwanza. Tangu 2011 hadi nilipoacha kazi nilikatwa sehemu ya kila mshahara, miaka miwili ya mwanzo asilimia 4.2, kisha 6.2, kwa ajili ya Social Security, mfuko wa serikali unaolipa wastaafu na walemavu, na mwajiri akaweka asilimia 6.2 ya kwake. Ni bima, nimeichangia. Ninapata ngapi? Hilo sitalitaja, msinisumbue.

Sasa kazi ya mezani. Nilipoacha kazi yangu ya kuhudumia wazee 2023 nilikuwa na miaka 53. Daktari aliandika kwamba siwezi kusimama muda mrefu wala kubeba zaidi ya pauni 10, yaani kama kilo nne na nusu. Nikaomba malipo ya ulemavu ya mfuko huo, nikakataliwa. Barua ilisema nina ujuzi unaohamishika, yaani ninaoweza kuupeleka kwenye kazi nyingine, naweza kuwa karani wa kumbukumbu. Nikajiuliza, huo ujuzi wameutoa wapi?

Wameutoa kwangu mwenyewe. Ile fomu ya historia ya kazi inauliza ulisimama saa ngapi, mzigo mzito kuliko yote ulikuwa pauni ngapi, na kama ulisimamia watu. Mimi nimelelewa kwamba ukiomba kitu ofisini unajieleza vizuri. Nikajaza kwamba nilisimamia wafanyakazi wapya na kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ukweli ni kwamba mtu mpya akija namfuata siku mbili tatu, namwonyesha shuka ziko wapi. Na kumbukumbu ni kupima presha na joto, kuandika namba, basi. Kazi yenyewe ilikuwa hii: saa kumi na mbili asubuhi unamkuta mzee wa kilo 90 amelowa, unamgeuza ubavu, unamwosha, unamvalisha, unamfunga mkanda kiunoni, unakunja magoti, unahesabu moja, mbili, tatu, unamhamishia kwenye kiti cha magurudumu. Halafu chumba kinachofuata. Hayo yote niliyaandika kwa mstari mmoja: "kuhudumia wazee". Nafasi yote nikaipa ile sehemu inayosikika vizuri.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ofisi ile ina maana yake ya neno ujuzi. Bidii si ujuzi. Subira si ujuzi, hizo ni sifa za mtu. Kazi inayofundishika kwa siku 30 au pungufu wanaihesabu haina ujuzi, kwa hiyo hakuna cha kuhamisha. Ujuzi ni kitu ulichojifunza ndani ya kazi yako, kisha wanaangalia kama kuna kazi nyingine, ambayo mwili wako bado unaiweza, inayotumia vifaa na taratibu zinazofanana. Kazi yangu ya usaidizi wa wauguzi wanaiweka ngazi ya katikati, kati ya kazi zisizo na ujuzi na zenye ujuzi. Na mwongozo wao wenyewe wa mwaka 1982 unaitaja: kiini chake ni kuosha, kuvalisha na kulisha, na kupima joto ni sehemu ndogo tu.

Na ualimu je? Niliacha kufundisha 2010. Nilipoomba, walikuwa wanaangalia kazi ulizofanya miaka 15 ya nyuma, kwa hiyo miaka yangu ya mwisho ya chaki ilikuwa bado imo. Tarehe 22 Juni 2024 wakapunguza, sasa wanaangalia miaka 5. Ualimu wangu ukatoka kwenye hesabu. Nimeupenda ualimu kuliko kazi yoyote, na iliniuma kufurahi kwamba haumo, maana ungekuwemo wangeweza kusema ujuzi wake unahamishika.

Kinachoniudhi mpaka leo ni hiki. Wakisema kuna kazi unayoiweza, hawaulizi kama kuna mtu atakuajiri, wala kama karibu nawe ipo nafasi. Inatosha kazi hizo ziwepo kwa wingi nchini. Na kamusi ya kazi waliyoizoea ilirekebishwa mara ya mwisho 1991. Mimi nimetumia usiku mzima kutafuta barua ya mwajiri aliyefunga biashara, wao wana kitabu cha kabla ya intaneti.

Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa. Nilikata, nikakataliwa tena, nikakata tena, nikafika kwa jaji 2025. Hapo nilikuwa nimefika 55, na umri huo kwao ni mlango mwingine: mtu wa kazi za kukaa tu, mwenye miaka 55, hawawezi kusema ujuzi wake unahamishika isipokuwa kazi mpya isihitaji kujirekebisha, au kidogo mno. Jaji alimuuliza mtaalamu wa kazi, yule anayeitwa kueleza mtu anaweza kazi gani, kama nina ujuzi unaofaa kazi ya kukaa. Akajibu: hapana. Neno moja. Nilisubiri miaka miwili kulisikia, na nilipolisikia nikajihisi kama nimeambiwa sina thamani, ingawa ndilo lililoniokoa.

Miezi mitano ya mwanzo ya ulemavu hailipwi. Mwanasheria alichukua robo ya malimbikizo ya malipo yangu, na kuna kikomo, mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Mnaofikiri nimeangukiwa na neema, fanyeni hesabu hiyo kwanza.

Haya ni yangu. Mwenye miaka 40 mwenye mgongo kama wangu anaweza kupewa jibu tofauti kabisa, na mwenye karatasi za uhamiaji tofauti na zangu aulize mwanasheria wake, asiniulize mimi. Ila fomu ile, kabla hujaijaza, kaa uikumbuke zamu moja tangu kuingia hadi kutoka. Andika ulichobeba, mara ngapi, na mikono yako ilishika nini. Usiongeze, usipunguze. Baki na nakala.

Mdogo wangu, najua unaangalia. Nipigie, usiandike kwenye kundi. Ule mkanda wa kunyanyulia wazee bado ninao, umening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu, nitakuonyesha. Haya, nikalale, dawa imeanza kunishika.