Feritini Iko Juu, Damu Iko Chini, Inakuaje?

REHEMA: Haya tumerudi. Leo kuna kitu kinawachanganya sana watu wanaouguza mgonjwa wa kansa. Majibu ya maabara yanakuja, HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni 8, iko chini, feritini 600, iko juu, mtu anauliza si mnasema feritini ndo akiba ya chuma, sasa mbona damu haipandi?

BARAKA: Na hapo mgonjwa kashameza vidonge vya kuongeza damu weee, choo cheusi, tumbo limefunga, HB iko palepale.

REHEMA: Palepale! Kwa sababu chuma kipo, ila kimefungiwa.

BARAKA: Kafungia nani?

REHEMA: Homoni inaitwa hepsidini, inatengenezwa na ini. Sikiliza, kansa ikiwepo kinga ya mwili inachokozeka, inatoa kemikali za inflamesheni, yaani ule moto wa kinga ikipambana, mojawapo ni interlukini-6, hiyo ndo inalichochea ini limwage hepsidini nyingi, na hepsidini ikiingia kwenye damu inaenda kuharibu feropotini, ambayo ndo mlango wa chuma kutoka ndani ya seli. Mlango umeondoka. Chuma ulichomeza kinakwama kwenye seli za utumbo, kile cha seli nyekundu zilizozeeka kinabaki ndani ya makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza seli zilizochoka, na uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, huku unasubiri tu.

BARAKA: Na zile seli za utumbo si zinabanduka baada ya siku chache? Zinaondoka na chuma chake. Dah, ndo maana vidonge havisaidii kitu. Ila mwili unajifanyia hivi kwa nini sasa?

REHEMA: Bakteria nao wanahitaji chuma ili wazaliane, kwa hiyo ukiwa na maambukizi ya wiki moja, kukificha ni akili kubwa. Kansa inakaa miezi, hapo ndo balaa.

BARAKA: Kwa hiyo feritini 600 inatudanganya?

REHEMA: Kiasi. Feritini yenyewe inapanda na inflamesheni. Mi ningemuuliza dokta transferini, ile protini inayosafirisha chuma kwenye damu, imebeba chuma kiasi gani, ikiwa chini ya asilimia 20 ujue uboho una njaa hata kama feritini inang'aa. Na CRP pia, kipimo cha damu kinachoonyesha moto wa inflamesheni ulivyo.

BARAKA: Tusisingizie inflamesheni kila kitu lakini. Kemo inakandamiza uboho, na uvimbe wa utumbo unaweza kuvuja damu kidogokidogo hata usione.

REHEMA: Kabisa, na mara nyingi vinakuja pamoja. Halafu inflamesheni hiyohiyo inafanya figo zitoe erithropoietini, homoni inayouambia uboho utengeneze seli nyekundu, kidogo kuliko inavyotakiwa, uboho nao hauisikii vizuri, na seli nyekundu hazifikishi zile siku 120 zake.

BARAKA: Sasa tiba?

REHEMA: Chuma cha drip kwa wanaofaa, kinaruka utumbo. Kuongezewa damu kama HB imeshuka sana au mtu anahema akitembea hatua mbili. Zile sindano za erithropoietini zipo ila zinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, kwa hiyo wanachagua sana wa kumpa, hasa kama lengo la kemo ni kumponya kabisa mara nyingi hawampi. Na uvimbe wenyewe ukikubali matibabu, hepsidini nayo inashuka.

BARAKA: Na yule ndugu anayeleta chupa ya dawa ya damu bila kumwambia dokta?

REHEMA: Huyo mwambie aiweke mezani dokta aione kwanza.