Transfoma Huanzia Kwenye Vali

Ndugu zangu, kabla sijapanda hapa wengi mmeniuliza swali moja: amplifaya ya gitaa ya vali, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, inataka transfoma ya ukubwa gani? Hesabu hii huanzia kwenye vali, ndipo irudi kwenye transfoma.

Tuchukue amplifaya yenye vali za EL84 mbili mwishoni, za kusukuma spika, na za 12AX7 tatu mbele, za kukuza sauti ya gitaa kwanza. Hita, yaani waya wa kupasha vali moto, ni rahisi: kwa volti 6.3, kila EL84 hula ampea 0.76 na kila 12AX7 hula 0.3. Jumla 2.42. Koili ya ampea 3 inatosha.

Kazi iko kwenye volti kubwa. Zikisukumwa hadi mwisho kwa volti 300, sauti ikiwa bado haijakwaruza, EL84 hizo mbili huvuta takriban miliampea 92 kwenye anodi na 22 kwenye skrini, sehemu mbili za vali zinazolishwa volti hiyo kubwa. Vali za mbele huongeza kama 6. Zinakuwa 120, na hapa ndipo nilipoteleza mimi. Transfoma yangu ya kwanza niliiagiza ya miliampea 120 barabara, nikaridhika. Baada ya nusu saa ya kupiga, kiganja hakikukalika juu ya chuma, na harufu ya vanishi ilijaa chumbani.

Zile 120 ni za mkondo mnyoofu, yaani baada ya dayodi zinazounyoosha na kapasita inayohifadhi chaji. Kapasita haijazwi taratibu. Hungoja kilele cha wimbi, ikagugumia kwa mkupuo mfupi, ikatulia hadi kilele kinachofuata. Mikupuo hiyo huchemsha waya kuliko mkondo uleule ungetiririka polepole. Kwa daraja la dayodi nne, zidisheni kwa 1.7 hivi: 120 inakuwa 200 na ushei. Koili ya volti 220, ambayo kilele chake ni 310, itabeba basi volti-ampea 45, yaani volti mara ampea. Ongezeni 15 za hita, tumefika 60.

Mimi ningechukua ya 75, kwa sababu mpiga gitaa huweza kuisukuma amplifaya hadi sauti ikwaruze wimbo mzima, na hapo vali huvuta zaidi.

Mtu ataniuliza, kwa nini asichukue ya 200, amalize? Ataongeza uzito na gharama, na jambo moja tamu litapungua. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu, volti hunywea kidogo kisha hurudi, na noti huvimba chini ya vidole vyako. Transfoma kubwa mno hainywei hivyo.

Mkimaliza kuunganisha, pimeni hita vali zote zikiwa mahali pake: isizidi volti 6.9, isipungue 5.7. Kisha pigeni nusu saa kwa sauti ya juu. Chomoeni plagi, toeni chaji yote kwenye kapasita kupitia rezista, pimeni kwa mita kuhakikisha imeisha. Halafu wekeni kiganja juu ya chuma cha transfoma, mhesabu hadi kumi. Kikikalika, mmepatia.